Herufi M ndani ya duara: nembo ya biashara inavyofika kwenye kikasha cha mteja

Mama mmoja wa Mikindani, mbanguaji wa korosho, alinisukumia simu yake juu ya meza. "Mwanangu, hebu tazama hapa." Ilikuwa orodha ya barua zake kwenye Gmail. Barua ya benki ilikuwa na nembo ya benki ndani ya kiduara, na ukiifungua unakuta tiki ya bluu pembeni ya jina. Ya shirika la ndege vivyo hivyo. Chini yake ilifuata barua aliyojitumia mwenyewe kutoka anwani ya kampuni yake, ili aone wateja wanaionaje: duara la zambarau, ndani herufi M.

"Nembo nimeilipia," akasema. "Iko kwenye makasha, iko kwenye fulana za wafanyakazi, iko hadi mlangoni kwa gari. Huku imekwenda wapi?"

Nembo yenyewe ni nzuri, nikiri. Ni dau lenye tanga lililojaa upepo, na tanga limepindwa likawa umbo la korosho. Mimi kazi yangu ni kutengeneza kompyuta na kuwafungulia watu tovuti hapa Mtwara, na nilidhani swali lake lina jibu la dakika tano: ingia kwenye mipangilio, pakia picha, maliza. Kumbe mahali pa kupakia hapapo. Nembo ile ya benki imepita mlolongo mrefu unaoanzia kwenye seva, yaani kompyuta zinazotuma na kupokea barua, na kuishia kwenye ofisi ya usajili wa alama za biashara, na sehemu ngumu kuliko zote haihusiani na picha kabisa.

Mzigo wa basi

Aliyekaa kusini anajua kutuma mzigo kwa basi. Unafunga boksi, unaandika kwa makapeni "kutoka kwa fulani, Mtwara", unaandika na jina la mpokeaji aliyeko Dar, unalipa, unapewa risiti. Hakuna anayekuuliza kama wewe kweli ndiye huyo fulani. Barua pepe nayo ilizaliwa hivyo. Kanuni za kuisafirisha, zinazoitwa SMTP, ziliandikwa mwaka 1982, enzi ambayo waliokuwa wakiandikiana kwa mtandao walikuwa watafiti wachache wanaofahamiana. Sehemu ya "kutoka kwa" iliachwa wazi, mtumaji ajaze apendavyo.

Ndiyo maana tapeli aliyeko popote duniani anaweza kuandika barua yenye anwani ya mama yetu, akamwambia mnunuzi wake wa Ulaya kwamba kampuni imehama benki na malipo yaende akaunti mpya. Kontena la futi 20 hubeba makasha kama 700 ya korosho zilizobanguliwa, kila kasha ratili 50. Hiyo ni fedha inayozidi shilingi milioni mia moja, na ikishaingia akaunti isiyo yako, kuirudisha ni kama kukamata maji kwa kiganja.

Kuziba pengo hilo, mafundi wa mtandao waliongeza mambo matatu juu ya posta ile ya zamani. Nayaeleza kwa basi lile lile.

La kwanza ni SPF. Hapo mwenye jina anabandika tangazo la wazi: mizigo yangu huja na mabasi haya tu, ikija na jingine si yangu. Tangazo hubandikwa kwenye DNS, lile daftari la intaneti ambalo kila seva huweza kulisoma, na "mabasi" yenyewe ni seva unazotumia kutuma barua. Ni kinga nzuri, ila ina udhaifu mmoja. Mzigo unaokwenda Kilwa Masoko hushushwa Nangurukuru ukapandishwa gari jingine. Mpokeaji akitazama, gari lililouleta halimo kwenye tangazo. Barua inayopokelewa sehemu moja kisha ikasukumwa kwenda anwani nyingine hupatwa na hayo hayo.

La pili, DKIM, ni kama lakiri, ule muhuri wa nta, juu ya boksi. Seva yako hutia sahihi ya kidijitali kwenye kila barua kwa ufunguo wa siri, na ufunguo wa kuihakikisha huwekwa wazi kwenye DNS. Boksi likibadilishwa magari matatu, lakiri hubaki. Akitokea mtu akalifungua njiani na kubadilisha namba ya akaunti, lakiri huvunjika.

La tatu ndilo lililobeba uzito wote: DMARC. Hili hufanya kazi mbili. Kwanza hudai kwamba jina lililo kwenye lakiri, au kwenye orodha ya mabasi, liwe lile lile lililoandikwa juu ya boksi, maana bila hivyo tapeli angetia lakiri yake mwenyewe kisha akaandika jina lako. Pili humwambia mpokeaji la kufanya mambo yasipolingana. Maagizo ni ya aina tatu: `p=none`, yaani pokea tu lakini niletee taarifa; `p=quarantine`, itupe kwenye spamu; na `p=reject`, ikatae mlangoni.

Ndipo nembo inaingia

Utaratibu wa kuonyesha nembo unaitwa BIMI. Gmail ilianza kuujaribu mwaka 2020, ikaufungua kwa wote Julai 2021. Apple ikaingia 2022 ilipotoa iOS 16. Tiki ya bluu ya Gmail ilikuja Mei 2023. Yahoo nayo imo, na masharti yake ni mepesi zaidi, kwani haidai cheti ili kuonyesha nembo ya mtumaji mwenye sifa njema. Outlook ya Microsoft, ambayo ofisi nyingi za wanunuzi huitumia, mpaka sasa haimo. Hilo nilimwambia mama mapema kabisa, kabla hajaanza kuhesabu fedha.

Kwa fundi, BIMI ni mstari mmoja tu kwenye DNS, unaowekwa chini ya jina `default._bimi` la domeini yako, yaani lile jina la mtandaoni linalofuata alama ya @ kwenye anwani. Mstari huo hutaja vitu viwili: nembo iko wapi na cheti chake kiko wapi. Seva ya mpokeaji ikipata barua huipima kwanza kwa DMARC. Ikifaulu ndipo husoma mstari huo, ikachukua nembo, ikaiweka kwenye kiduara. Ikishindwa, nembo haionekani hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Na hapa ndipo wengi wanapokwama. DMARC ya `p=none` haihesabiwi. Lazima iwe `quarantine` au `reject`, tena kwa barua zote, si kwa nusu yake. Yaani uwe umekwisha kuiambia dunia nzima: barua yenye jina langu isiyo na uthibitisho, itupeni. Ni agizo zito, maana usipojipanga utajitupa mwenyewe.

Kabla ya hapo kuna jambo la aibu kidogo la kulimaliza. Pita barabara kuu ya mjini usome mabango na milango ya magari: biashara tele zinatumia anwani zinazoishia na gmail.com. Hizo haziwezi kuwa na nembo kwa njia hii hata zikilipa, kwa sababu domeini hiyo ni ya Google na si yao. Domeini ya .co.tz kwa mwaka haifiki bei ya gunia moja la korosho. Kwa bahati mama yetu alikuwa nayo tayari. Tuiite mfano.co.tz.

Wiki sita za kusoma taarifa

Tulianza na `p=none` kama inavyoshauriwa, tukaweka anwani ya kupokelea taarifa. Kila siku wapokeaji wakubwa hukuletea faili linaloeleza ni seva zipi zimetuma barua kwa jina lako, ngapi zimefaulu, ngapi zimeshindwa. Mafaili yenyewe ni ya XML, yaani yameandikwa kwa ajili ya mashine, na macho ya binadamu huchoka haraka. Kuna programu za kuyageuza kuwa jedwali. Tumia mojawapo, usijitese.

Tulichokikuta ndicho hukutwa karibu kila mahali. Barua za kawaida za ofisini zilikuwa salama. Programu ya uhasibu, ile inayotuma ankara kwa wateja, ilikuwa ikituma kwa seva zake yenyewe bila lakiri yetu. Fomu ya "wasiliana nasi" kwenye tovuti ilituma kutoka seva ya kampuni inayohifadhi tovuti, seva ambayo kwenye SPF haikutajwa. Huduma ya kutuma matangazo kwa wateja wengi kwa mkupuo, aliyoiunganisha kijana mmoja miaka miwili nyuma kisha akaondoka, ilikuwa bado hai. Na kulikuwa na seva mbili za nchi ambazo mama hana hata mteja mmoja. Hizo ndizo za kuogopwa, na bila taarifa hizi asingejua kwamba zipo.

Kila kimoja kilitaka dawa yake. Programu ya uhasibu ina sehemu ya kuweka DKIM ya domeini yako, ila hakuna aliyewahi kuifungua. Fomu ya tovuti tuliielekeza itumie seva ya barua ya kampuni. Huduma ya matangazo tuliifunga. Kwenye SPF kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi wazoefu: kuisoma hakuruhusiwi kuzidi utafutaji 10 kwenye DNS, na kila huduma unayoiingiza hula sehemu ya hesabu hiyo. Ukizidi, SPF yote huhesabiwa imeharibika. Watu huongeza huduma juu ya huduma, kisha siku moja barua zinaanza kupotea na hakuna anayeelewa kwa nini.

Baada ya wiki sita tukahamia `quarantine`. Kazi yote hii, ukiondoa muda wangu, haikumgharimu mama hata senti. Ninalisisitiza kwa sababu wanaouza huduma ya nembo hupenda kuanza na picha ya kiduara na tiki, wakati kinachomzuia tapeli asitumie jina lako ni DMARC, na DMARC ni ya bure. Tena kwa watumaji wakubwa imekuwa lazima: tangu Februari 2024 Google na Yahoo hudai SPF, DKIM na DMARC kwa anayepeleka barua nyingi, na kwa Google kizingiti ni 5,000 kwa siku.

Picha na muhuri

Sasa turudi kwenye dau la mama. Mtu yeyote anaweza kuandika mstari wa BIMI na kuelekeza kwenye nembo yoyote, hata ya benki. Nani atahakikisha kwamba nembo ni ya mwenye domeini?

Kumbuka barua ya utambulisho ya mtendaji. Unapeleka picha ya pasipoti, inabandikwa kwenye karatasi, kisha muhuri unagongwa nusu juu ya picha, nusu juu ya karatasi. Maana yake ni kwamba huwezi kubandua sura yangu ukaweka yako, maana muhuri hautaungana. Cheti cha BIMI hufanya jambo hilo hilo. Kinaitwa VMC, hutolewa na kampuni chache za vyeti vya kidijitali kama DigiCert na GlobalSign, na ndani yake mmefungwa vitu pamoja: domeini, jina halali la kampuni, na mchoro wenyewe wa nembo. Ukibadilisha mchoro kwenye seva yako, cheti hakiungani nao tena.

Mtoaji wa cheti hakipi kirahisi. Huhakiki kwamba kampuni imesajiliwa na ipo. Mtu anayeiwakilisha huonyesha kitambulisho uso kwa uso kwa video, au mbele ya mthibitishaji. Kisha hutafuta nembo kwenye daftari la alama za biashara, nayo lazima iwe ile ile iliyosajiliwa. Gharama huzunguka dola elfu moja na kitu kwa mwaka, na cheti hudumu mwaka mmoja na ushee, halafu unalipa tena.

Neno "daftari la alama za biashara" ndilo lililotuvunja moyo. Mama alikuwa anajiandaa kusajili nembo BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara na leseni, na kwa haki kabisa: kwa Tanzania Bara hapo ndipo mahali pake, chini ya Sheria ya Alama za Biashara na Huduma ya 1986. Usajili wa kwanza hudumu miaka 7, kisha huhuishwa kila miaka 10. Zanzibar ina ofisi yake. Lakini watoaji wa VMC wana orodha yao ya ofisi wanazozikubali. Wamo Marekani, Kanada, Umoja wa Ulaya, Uingereza, Ujerumani, Japani, Australia, na baadaye zikaongezwa nyingine kama India, Korea Kusini na Brazili. BRELA haimo. Kwa hiyo mtu wa Mtwara anayetaka tiki ya bluu hana budi kusajili nembo yake ng'ambo, na aombe mtoaji amwonyeshe orodha ya sasa kabla hajatoa hata shilingi.

Kwa muuza korosho hilo si la ajabu sana, kwani wanunuzi wake wako huko huko. Ofisi ya Umoja wa Ulaya, EUIPO, hutoza euro 850 kwa daraja moja la bidhaa, na aliyeko nje ya Ulaya lazima awe na wakala wa huko, ambaye naye analipwa. Angalizo dogo la madaraja: korosho ghafi ziko daraja la 31, zilizobanguliwa na kuandaliwa ziko la 29. Mbanguaji akisajili la 31 peke yake ameweka kufuli kwenye mlango wa jirani.

Na hapa niseme kitu kuhusu nembo za mji wetu. Ukichukua makasha kumi ya korosho hapa, nusu yana picha ya korosho ndani ya kiganja, au korosho na jua linachomoza, zilizochukuliwa na mchoraji yule yule kutoka mtandao ule ule. Alama ya biashara lazima iweze kukutofautisha na wengine. Picha ya korosho juu ya pakiti ya korosho inasema tu kilichomo ndani, na msajili ana kila sababu ya kuikataa. Jina kama "Korosho za Mtwara" lina tatizo hilo hilo. Dau la mama lina nafasi. Nembo yake ya zamani, ya kiganja, isingekuwa nayo.

Njia ya pili, na mipaka yake

Tangu Septemba 2024 Gmail inakubali cheti kingine, CMC, kisichodai alama iliyosajiliwa. Mwenye nembo anatakiwa kuonyesha kwamba ameitumia hadharani kwa miezi 12 au zaidi, na ushahidi hutafutwa kwenye kumbukumbu za kurasa za zamani za wavuti. Nembo itaonekana kwenye kiduara. Tiki ya bluu haiji, hiyo imebaki ya wenye VMC.

Mama aliuliza swali ambalo wauzaji wa vyeti hawalipendi: "Na nikiona nembo kwenye barua ya mtu, nimwamini?"

Hapana, si kwa nembo peke yake. Mtu yeyote mwenye akaunti ya Google anaweza kuweka picha yoyote kama picha yake, na Gmail itaionyesha kwenye kiduara kile kile. Tapeli akiweka dau la mama hapo, mpokeaji asiye makini ataona dau. Tofauti iko kwenye tiki, na kwenye anwani yenyewe ukiisoma herufi kwa herufi. Tapeli pia anaweza kununua domeini inayofanana, tuseme mfano-tz.com, akaiwekea SPF, DKIM na DMARC safi kabisa, na barua zake zikafaulu, maana kweli zimetoka kwenye domeini yake. Asichoweza ni kupata VMC ya dau ambalo si lake.

Hata tiki imewahi kuteleza. Mwaka 2023, wiki chache tu baada ya kuanza, mhandisi wa usalama wa mitandao Chris Plummer alionyesha barua ya kitapeli iliyofika Gmail na nembo ya UPS na tiki juu yake. Google kwanza ilimjibu kwamba mfumo unafanya kazi ulivyokusudiwa, kisha ikarudi na kukiri kwamba kuna tatizo. Dawa ilikuwa kudai DKIM, ile lakiri, kabla ya kutoa tiki, badala ya kuridhika na basi lililoleta mzigo. Nangurukuru ile ile, ila safari hii aliyebadilisha gari alikuwa mwizi.

Na tiki haisemi lolote kuhusu ubora wa korosho wala uaminifu wa mwenye kampuni. Inasema tu kwamba aliyeandika ndiye mwenye nembo.

Faili la nembo nalo lina mambo yake. JPG haikubaliki. Linatakiwa faili la SVG, tena la aina yenye masharti makali iitwayo SVG Tiny P/S, lisilo na picha za kupachika, viungo vya nje wala michoro inayocheza. Liwe mraba na likae vizuri ndani ya duara, la sivyo ncha ya tanga itakatwa. Mchoraji wa mjini aliyetengeneza dau alikuwa na faili la asili kwenye Corel, programu ya kuchorea, tukamshukuru Mungu. Wengi hubaki na picha ya WhatsApp tu.

Alichoamua mama

Hesabu ilipowekwa mezani, VMC pamoja na usajili wa Ulaya vilizidi alichopanga kwa mwaka huu. Akasema ataanza na BRELA kwa ajili ya makasha yake ya hapa nyumbani, DMARC ipandishwe hadi `reject` kabla minada ya Oktoba haijafunguliwa, na kila mnunuzi aandikiwe kwamba mabadiliko ya akaunti ya benki hayatatumwa kamwe kwa barua bila kupigiwa simu. Hilo la mwisho lilikuwa wazo lake mwenyewe, sikumfundisha. Kiduara kitasubiri CMC.

Tukafungua tovuti yake tuone miezi 12 imefikia wapi. Ukurasa wa mbele ulikuwa bado na korosho ndani ya kiganja. Hakuna aliyekumbuka kuibadilisha.

Tuliweka dau jioni ile ile. Mama akachukua kalenda ya ukutani, akaizungushia tarehe ya siku hiyo kalamu nyekundu, akaandika pembeni: "imeanza."